Presha ya macho: Usisubiri kuona giza ndipo uende kupima

Mwezi uliopita alikuja kwangu dereva wa daladala mwenye miaka 52. Alikuja kupima presha ya damu, basi. Nilipokuwa namfunga mkanda wa kipimo mkononi akaanza kunisimulia kwa utani kwamba mwaka huu mikosi imemwandama. Amevunja kioo cha pembeni cha gari mara tatu, na mara zote ni upande wa kushoto. Bosi wake ameanza kumnusa mdomo kila asubuhi. Mkewe naye amemuuliza kama amerudia pombe aliyoiacha miaka kumi iliyopita.

"Lakini daktari, macho yangu ni mazima," aliniambia. "Nasoma hata namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya lori."

Na kweli alisoma. Nilimwonyesha ubao wa herufi akasoma mpaka mstari wa pili kutoka chini. Kisha nikamwomba afunike jicho la kulia kwa kiganja, asome tena kwa jicho la kushoto peke yake. Alikaa kimya. Halafu akauliza, "Umezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu kubwa ya uoni, na mwenyewe hakuwa anajua. Nilimwandikia rufaa siku hiyohiyo kwenda kwa daktari bingwa wa macho. Majibu yalikuwa glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza.

Ndugu msomaji, kila wiki napata maswali kuhusu macho. Huyu anaona ukungu, yule anaona vidoti vinaelea, mwingine anaona duara za rangi kuzunguka taa. Swali la mwisho huwa ni moja: "Daktari, hii ndiyo presha ya macho?" Leo nitajibu, na jibu lenyewe huenda likakushangaza. Nyingi ya dalili hizo si za glakoma. Na ile glakoma inayowapata wengi huku kwetu haitoi dalili yoyote mpaka imeshafanya uharibifu.

Jina linalochanganya watu

Nianze na jina, maana limewaponza wengi. Mtu akisikia "presha ya macho" anadhani ni presha ileile ya damu imepanda mpaka machoni. Wapo wanaoniambia, "Presha yangu ni 120 kwa 80, kwa hiyo macho hayawezi kuwa na presha." Wapo pia waliokutwa na glakoma wakaendelea kumeza vidonge vya presha ya damu wakiamini vitatibu yote mawili. Sivyo. Hizi ni presha mbili tofauti, zinapimwa kwa vifaa tofauti na kutibiwa kwa dawa tofauti.

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna majimaji masafi yanayotengenezwa usiku na mchana. Haya si machozi. Machozi yako nje ya jicho. Majimaji haya hulisha sehemu za jicho ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia vitundu vidogo sana vilivyo kwenye kona, pale sehemu nyeusi ya jicho inapokutana na nyeupe. Fikiria sinki la jikoni ambalo bomba lake halifungwi kamwe. Maadamu tundu la kutolea maji liko wazi, hakuna shida. Likianza kuziba, maji hayana pa kwenda. Na kwa kuwa jicho ni kama mpira uliofungwa, haliwezi kufurika, basi msukumo wa ndani hupanda.

Msukumo huo huumiza mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huu una nyuzi nyembamba zipatazo milioni moja. Uzi ukifa haukui tena. Hapo ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mara nyingi uoni wake unarudi. Mwenye glakoma hutibiwa ili kulinda kile kilichobaki, kilichopotea hakirudi. Duniani kote, glakoma ndiyo inayoongoza kwa kuleta upofu usioweza kurudishwa.

Presha ya jicho kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Lakini namba peke yake haitoshi. Wapo wenye 25 na mshipa wao ni mzima, na wapo wenye 16 na mshipa unaendelea kufa. Ndiyo maana daktari wa macho haridhiki na namba tu, lazima auangalie mshipa wenyewe.

Kwa nini mgonjwa hajui?

Watu wengi wanafikiri anayeelekea upofu huanza kuona giza. Glakoma ya kawaida haianzi hivyo. Huanza kula pembeni, na sehemu ya katikati, ile tunayosomea na kutambulia sura za watu, huachwa mpaka mwisho. Ndiyo maana dereva wangu aliweza kusoma namba iliyo mbele yake na asione nguzo iliyo ubavuni mwake.

Pia tuna macho mawili. Jicho moja likipoteza eneo fulani, la pili hulifidia. Na ubongo nao hukamilisha picha, haukuachii doa jeusi la kukushtua. Vitu havionekani kama vimefunikwa na giza; vinakuwa kama havipo, halafu vinatokea ghafla. Mtoto anayevuka barabara "anachomoka tu". Mlango "unakugonga". Ngazi ya mwisho "inakukosa mguu". Wewe unajiona mzembe, na watu wa nyumbani wanakuona umezeeka au umelewa.

Kosa langu

Naandika haya nikiwa na jambo moyoni. Mimi si bingwa wa macho, ni daktari wa magonjwa ya kawaida, yule unayemkuta kwanza ukifika hospitali. Nilipokuwa na miaka miwili tu kazini, katika kituo kimoja cha afya mkoani, alikuja mzee mmoja mkulima. Aliniambia, "Mwanangu, siku hizi najikwaa kwenye visiki ambavyo nilivikata mwenyewe."

Nilimsimamisha mbele ya ubao wa herufi akiwa amefungua macho yote mawili. Alisoma vizuri. Nikaandika kwenye daftari lake kwamba uoni ni wa kawaida kwa umri wake, nikamshauri atafute miwani ya kusomea. Alishukuru, na wiki iliyofuata akaniletea mahindi mabichi.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa bado kituoni hapo, alirudi akiongozwa na mjukuu wake, kila mmoja ameshika ncha moja ya fimbo. Alinitambua kwa sauti. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama miwani yenye nguvu zaidi ingeweza kusaidia.

Sikuwa nimempima jicho mojamoja. Sikuwa nimemuuliza kama katika familia yao kuna aliyepofuka. Ni mambo mawili yasiyozidi dakika tatu. Na hata kama nisingekuwa na kifaa cha kupima presha ya jicho pale kituoni, karatasi ya rufaa nilikuwa nayo. Tangu siku ile hakuna mtu mwenye miaka 40 na kuendelea anayetoka chumbani kwangu bila kuulizwa habari za macho, hata kama amekuja kwa ajili ya goti.

Dalili unazoziona zina maana gani?

Sasa turudi kwenye maswali yenu.

Kushindwa kusoma maandishi ya karibu baada ya miaka 40. Hili ni badiliko la kawaida la umri. Lenzi ya jicho inapoteza wepesi wake. Miwani ya kusomea inasaidia. Hatari iko kwenye namna tunavyoipata. Wengi tunanunua kwa muuzaji wa mtaani, tunajaribu tatu au nne, tunachukua inayotufaa, basi. Unapata miwani lakini hakuna aliyeuangalia mshipa wa jicho lako. Siku ile uliyogundua kwamba unasogeza simu mbali ili usome ujumbe, ndiyo siku nzuri ya kwenda kupima macho yote kikamilifu.

Ukungu unaoongezeka polepole. Kwa mtu mzima mara nyingi ni mtoto wa jicho au kuhitaji miwani. Lakini mtu anaweza kuwa na mtoto wa jicho na glakoma kwa pamoja, kwa hiyo usiseme "ni mtoto wa jicho tu, nitasubiri aive". Kapimwe.

Uoni unaobadilikabadilika, leo vizuri kesho ukungu. Pima sukari. Sukari inapopanda na kushuka, uoni nao hufuata. Na mwenye kisukari anatakiwa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Vidoti au nyuzi zinazoelea mbele ya macho. Zikiwa chache na za siku nyingi, kwa kawaida ni za umri wala si glakoma. Lakini zikizuka nyingi kwa ghafla, zikiambatana na mimweko ya mwanga au kama pazia linashuka upande mmoja, huenda pazia la ndani ya jicho, yaani retina, linabanduka. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mistari ya kumeremeta yenye kona kona, inayodumu kama dakika 20 hadi saa moja kisha kichwa kinaanza kugonga upande mmoja. Hiyo mara nyingi ni kipandauso. Ikikutokea kwa mara ya kwanza, onana na daktari ahakikishe.

Giza la ghafla kwenye jicho moja, hata kama limeondoka lenyewe baada ya dakika chache. Usishukuru Mungu ukarudi kulala. Inaweza kuwa onyo la kiharusi. Nenda hospitali mara moja.

Kuwashwa, wekundu na machozi. Kwa mtu mzima mara nyingi ni mzio au maambukizi. Glakoma ile ya kimyakimya haiwashi wala haiumi.

Glakoma yenye kelele

Kuna aina moja ya glakoma ambayo haiji kimya. Kona ya kutolea majimaji inajifunga kwa ghafla na presha ya jicho inaruka ndani ya saa chache. Jicho linauma sana na kuwa jekundu, uoni unaingia ukungu, taa zinaonekana zimezungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, kichwa kinauma upande huo, na mgonjwa anatapika.

Kwa sababu ya kichwa na kutapika, mgonjwa anaweza kupimwa malaria, akapewa dawa za tumbo na kurudishwa nyumbani, huku jicho linaangamia. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, mwambie mhudumu wazi: "Jicho linauma, ni jekundu, na haoni vizuri." Jicho hili linahitaji matibabu siku hiyohiyo, si kesho.

Nani anatakiwa kupima hata kama anaona vizuri?

Wa kwanza ni kila mwenye miaka 40 na kuendelea. Sisi wenye asili ya Afrika tunapata glakoma ya kimyakimya zaidi na katika umri mdogo kuliko Wazungu. Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi wana glakoma. Ukihudhuria harusi yenye wageni 300 wa rika hilo, kadiria kumi na wawili.

Wa pili, na hili naomba ulisome mara mbili, ni yule ambaye mzazi wake, kaka yake, dada yake au mtoto wake ana glakoma. Hatari yako ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwingine. Usisubiri miaka 40. Katika familia zetu maneno hufichika: "Babu alipofuka kwa uzee," "Shangazi alirogwa na mke mwenza." Uliza upya. Upofu wa polepole, usio na maumivu, ulioanza kwa kujikwaa, huenda ulikuwa glakoma.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao. Mama yangu ana glakoma. Ninapima kila mwaka, na kila mwaka kabla ya kuweka kidevu kwenye mashine moyo unanienda mbio kama wako.

Wengine ni wenye kisukari, wenye miwani ya nguvu sana ya kuonea mbali, waliowahi kuumia jicho hata kama ni miaka mingi iliyopita, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Mzazi, haya ni yako

Wazazi wengi wanashangaa wakisikia mtoto anaweza kupata glakoma. Anaweza, hata akiwa tumboni. Ni nadra, lakini anayepata hana muda wa kupoteza.

Kwa mtoto mchanga, angalia mambo matatu: machozi yanayotiririka bila kulia, kukwepa mwanga hadi kuficha uso kifuani mwa mama, na kukaza kope. Ongeza na la nne ambalo ndilo linalotupumbaza: macho makubwa. Jicho la mtoto mchanga ni laini, presha ikipanda linatanuka. Ndugu wanakuja kumwona mtoto na kusema, "Jamani ana macho makubwa mazuri!" Mama anatabasamu. Jicho ambalo duara lake jeusi ni kubwa kupita kawaida, ambalo moja linazidi jingine, au ambalo limefifia na kuwa na rangi ya ukungu wa bluu, si la kusifiwa, ni la kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo. Matibabu yake makubwa ni upasuaji, na kadiri unavyowahi ndivyo uoni unavyookolewa. Wazazi wenye undugu wa damu, kama mtoto wa ami na mtoto wa ami, wawe makini zaidi.

Na ukiona mboni ya mtoto ni nyeupe, iwe kwa macho yako au kwenye picha ya simu iliyopigwa na mwanga, usingoje. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, na inaweza kuwa saratani ya jicho. Yote mawili yanahitaji daktari haraka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu hili hatuletewi na maumbile, tunalileta wenyewe. Watoto wengi wana mzio wa macho. Wanafikicha macho, yanakuwa mekundu, weupe wa jicho unageuka kama kahawia. Mama anakwenda duka la dawa, anapewa chupa ndogo ya matone, na baada ya siku mbili mtoto amepona. Msimu wa vumbi ukirudi ananunua tena chupa ileile, na tena, na tena. Anawagawia na watoto wa jirani.

Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Ni dawa nzuri ikitolewa na daktari kwa muda maalumu huku akipima presha ya jicho. Ikitumiwa miezi na miezi bila kipimo, kwa baadhi ya watoto hupandisha presha ya jicho na kuua mshipa ule niliokueleza, na pia huweza kuleta mtoto wa jicho. Nimewahi kumpokea kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa ametumia matone hayo tangu darasa la tatu. Mama yake alikuja na chupa tupu zimejaa kwenye mfuko wa rambo, akitaka nione jinsi alivyokuwa hajamtupa mwanawe. Jicho moja lilikuwa halioni tena. Yule mama hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia.

Nakwambia wewe. Ukiona kwenye chupa ya matone jina linaloanza na "Dexa", "Beta" au "Predni", uliza kabla ya kumwekea mtoto: "Hii ina steroidi? Nitumie siku ngapi? Nirudi lini kupima presha ya jicho?" Usirudie kununua bila daktari. Na kama mtoto amekuwa akiitumia kwa muda mrefu, usiogope wala usifiche. Mpeleke akapimwe na uende na chupa yenyewe. Kwa mzio wa macho yapo matone mengine yasiyo na steroidi, na kitambaa safi chenye maji ya baridi nacho hupunguza kuwashwa.

La mwisho kwa wazazi ni ajali. Mtoto akipigwa jichoni na mpira, manati au fimbo, apimwe hata kama jicho linaonekana zima baada ya siku mbili. Damu inayovuja ndani ya jicho inaweza kupandisha presha siku hizo, na glakoma inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mtoto mwenye selimundu akipigwa jichoni ni dharura kubwa zaidi.

Kupima kukoje?

Kupima hakuumi. Utasoma ubao kwa jicho mojamoja. Utawekewa tone la ganzi na kifaa kidogo kitagusa jicho kwa sekunde chache, au mashine itapuliza upepo. Daktari ataangalia mshipa wa nyuma kwa mwanga, huenda baada ya kukuwekea dawa ya kupanua mboni, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki kurudi nyumbani. Akishuku, utafanyiwa kipimo cha uoni wa pembeni: unatazama nukta moja na kubonyeza kitufe kila unapoona mwanga.

Nyumbani unaweza kufanya jambo moja leo. Funika jicho moja, tazama kitu kilicho mbali kwa jicho la pili, kisha badilisha. Mfanyie na mtoto wako, mfanyie na mzee wako. Ukikuta tofauti, nenda hospitali. Usipokuta tofauti, bado nenda ukapime kama uko kwenye kundi la hatari, maana zoezi hili haliwezi kuona glakoma changa.

Matibabu yapo

Glakoma haiponi kabisa, lakini inazuilika isiendelee. Matone hupunguza presha ya jicho, na hutumiwa maisha yote, hata siku ambayo hujisikii chochote. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Chupa inaisha, hela hakuna, jicho haliumi, wanaacha. Mama yangu aliunganisha matone yake na taarifa ya habari ya saa mbili usiku: ikilia ile muziki ya kufungulia, anaweka tone. Tafuta saa yako. Tone moja linatosha. Funga jicho na ubonye kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Kama una dawa mbili, pisha dakika tano.

Ukiwa na pumu au mapigo ya moyo yaliyo taratibu sana, mwambie daktari kabla, kwa sababu matone ya timololi, yanayotumika sana, yanaweza kukubana kifua.

Ipo pia mionzi ya leza, na hili ni jambo la kutia moyo. Utafiti uliofanywa Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha wagonjwa wa glakoma waliopata leza na waliopewa matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yaliyowekewa matone. Muulize daktari wako kama leza inakufaa. Upo na upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya kutolea majimaji. Mwambie mgonjwa wako ukweli mapema: upasuaji huu si wa kurudisha uoni, ni wa kulinda uliobaki. Wengi wanakata tamaa baada ya upasuaji kwa sababu walitarajia kuona kama waliotolewa mtoto wa jicho.

Na wale wanaokuuzia unga wa "kusafisha mishipa ya macho", matone ya majani, au kukushauri uweke asali au maziwa ya mama: mshipa uliokufa haurudishwi na hivyo, na jicho linaweza kupata maambukizi juu ya tatizo ulilo nalo.

Dereva wangu

Alipotoka kwa bingwa alirudi kwangu na swali moja. "Dada daktari, niendelee kuendesha?" Nilijua ana watoto watatu shuleni. Nilimwambia, "Kaka yangu, abiria hapana." Alitazama sakafu muda mrefu. Bosi wake, yule aliyekuwa akimnusa mdomo, aliposikia ukweli alimpa kazi ya kusimamia magari yake kituoni. Mshahara umepungua. Jicho la kulia linalindwa.

Kabla hajaondoka nilimwomba majina ya ndugu zake. Wako wanne. Wote wamepimwa. Mdogo wake wa mwisho, dada wa miaka 44 anayeshona nguo na kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, amekutwa na glakoma changa kwenye macho yote mawili. Hajapoteza chochote anachoweza kukihisi, na akifuata matibabu ana nafasi nzuri ya kushona mpaka uzeeni. Yeye hakuja kwa sababu ya ukungu wala duara za rangi. Alikuja kwa sababu kaka yake alimpigia simu.

Basi na wewe, ukimaliza kusoma, kama kuna mwenye presha ya macho katika familia yenu, piga simu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia kisukari na macho.